Kila Faili Linaitwa "Mwisho"
Kinachonikera katika ofisi yetu ndogo hapa Dodoma ni kompyuta ya pamoja ambayo kila mtu huhifadhi kazi zake palepale kwenye skrini ya mwanzo, bila folda, kwa majina kama "barua mwisho", "barua mwisho kabisa" na "barua mwisho hii hapa". Wiki iliyopita nilitafuta ripoti ya kisima cha Chamwino kwa saa nzima, nikafungua nakala sita zinazofanana, na hatimaye nikachapisha ile yenye takwimu za zamani. Inaniuma kwa sababu dawa yake ni nyepesi: jina likianza kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2025-03-07, kompyuta ikipanga kwa majina itafuata tarehe yenyewe, ilhali ukitanguliza siku, Machi na Januari vitachanganyika. Tumia kistari, kwa kuwa Windows haikubali alama ya mkwaju (/) katika jina la faili. Na anayenakili kutoka kwenye flashi, akakubali kufuta faili lililopo lenye jina lilelile bila kusoma swali aliloulizwa, amefuta kazi ya mwenzake.