Sikuuzwa mia mbili, ni mia tano

Naanza na marekebisho, kwa sababu Katibu wetu wa vijana ameshasambaza habari ya kwake, na video, kuhusu safari yetu ya misheni Dodoma kwenye grupu la kwaya, grupu la vijana, na lile la kamati ya harusi ya binamu yake ambalo mimi hata simo. Sikuuzwa mia mbili. Niliuzwa mia tano. Na ile video msiiamini sana, mpigaji alicheka mpaka nusu nzima simu inaangalia mawingu.

Mnakumbuka nilivyojiandaa na misheni hii. Wengine mlinichangia, Mungu awabariki. Kijiji ni cha Ugogo, upande wa Chamwino, na mimi nilikuwa nimeandaa Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu, kurasa kumi na mbili, mahali pa kushusha sauti nimepiga mstari mwekundu. Dodoma pakavu, mifupa mikavu, nikajua hapa nimepewa ufunuo. Kichwani picha ilishakamilika: mbuyu, mimi chini yake na suti ya rangi ya maziwa, leso mkononi, watu wanakuja mbele wanalia. Hata mkalimani wa Kigogo nilishampangia upande wa kusimama, asinizibe kwenye picha.

Suti ilisafiri kwa treni ya mwendokasi, imetundikwa, jirani nimemwomba asiiegemee. Tangu treni hiyo ianze 2024, sisi watu wa Dar tunaona Dodoma ni pua na mdomo. Shida ni kwamba treni inaishia mjini. Baada ya hapo ni Kenta, tena Kenta ya kubebea alizeti, na tulipofika tulikuwa wote kabila moja, jekundu.

Tukashuka tukipiga "Mbukwenyi!" kwa nguvu zote, tumelifanyia mazoezi njia nzima. Wenyeji wakaitikia, wakauliza ya nyumbani, ya safari, ya wazazi, ya mifugo. Kigogo chetu kikaishia hapo tukabaki tunatabasamu. Mwinjilisti akatupa chai na karanga, mimi nikamuuliza mkutano wa injili unaanza saa ngapi.

"Mtumishi," akasema kwa upole, "injili huku ilishafika."

Na ilifika kweli. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, nami nimekuja na kurasa zangu kumi na mbili. "Sisi tuliandika barua kuomba vijana wa kubeba mizigo," mwinjilisti akaendelea.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Suti nilivaa. Mhubiri akiugua ghafla je? Hakuugua. Alihubiri vizuri mno, na kwaya yao ikaimba hadi mpiga kinanda wetu akakifunika kinanda chake na kanga.

Sasa ninyi mnaotoa sadaka kwa simu, nawaeleza kidogo. Watu pale wanaleta walichovuna: mtama, uwele, karanga, ubuyu, kuku, trei za mayai. Ibada ikiisha, vyote vinatolewa nje na kunadiwa, fedha inaingia kanisani. Mtu anaweza kuleta kuku wake na kumnunua mwenyewe kwa bei ya juu, akarudi naye nyumbani amefurahi. Mimi nilikuwa kivulini nikisalimia watu kichungaji, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliponiona.

"Wewe kijana wa suti, njoo ushike mbuzi."

Twende polepole, maana hapa ndipo Katibu anaparuka.

Mbuzi alikuwa beberu. Mweupe, ana doa jeusi jichoni, pembe zimerudi nyuma. Kamba nikaizungusha kwenye kiganja mara mbili, nikakaza, ili mkono mmoja ubaki na leso. Bei ikaanza elfu thelathini. Ikaenda thelathini na tano. Mama mmoja akaruka moja kwa moja mpaka hamsini, akinamama wenzake wakashangilia, vigelegele, na wale waliokuwa na ngoma wakazibana katikati ya mapaja wakaanza muheme, ile ngoma ya akinamama wa Kigogo.

Niliona sikio lake la kushoto linageuka. Halafu la kulia. Halafu kamba ikawa haina ulegevu.

Naomba iandikwe kwamba sikuanguka papo hapo. Nilikimbia nyuma yake mgongo umenyooka, natabasamu, napunga leso, ili watu wadhani ni sehemu ya ratiba. Soli za viatu vilikuwa vipya na chini pamejaa maganda ya karanga. Beberu akapita katikati ya madebe ya mtama. Mimi nilipita juu ya madebe. Nikasikia suruali inasema neno moja refu kutoka goti hadi mahali ambapo sitapataja. Trei ya mayai niliiona mapema kabisa, nikapata hata muda wa kuihurumia.

Mnadhani ngoma zilinyamaza? Wale akinamama ni mafundi. Walibadilisha mdundo ukafuata ninavyobiringika.

Tukasimama kwenye mgunga, yeye upande huu, mimi upande ule, kamba katikati. Uso wangu uko ndani ya uwele. Hapo ndipo nikamsikia mnadi: "Mmeona nguvu za mbuzi huyu? Nani anasema sitini?" Mikono ikapanda. Sabini. Themanini. Akaondoka kwa elfu tisini, na mimi bado nimefungwa naye.

"Na huyu aliyekuja naye? Nani anaanza?"

Kicheko, halafu kimya. Ndugu zangu, nilikuwa nimelala pale na pingili za mgongo zinahesabika, na moyoni nilikuwa nasubiri angalau elfu kumi. Nikashusha hadi elfu tano. Mtoto mmoja akapiga kelele "Mia mbili!", na hapo ndipo Katibu alipoipata takwimu yake. Kisha sauti ya bibi mmoja, amekaa kwenye kigoda huko nyuma:

"Mia tano."

Mara ya kwanza. Nikawatazama wenzangu, watu niliofunga na kuomba nao, wengine nawadai. Mara ya pili. Katibu mikono yote miwili ilikuwa imeshika simu. Mara ya tatu. Sarafu ikaangukia kapuni, watu wakapiga makofi.

Mayai nililipa. Suti iko kwa fundi, anasema ataona. Kiganja kimepona.

Bibi hakuwa anatania. Kesho yake asubuhi alituma mjukuu kuja kuchukua mali, na muda wote uliobaki nilichota maji. Unashuka korongoni, mto umekauka, maji yako chini ya mchanga, unachimba, unasubiri yajichuje, unakinga kwa bakuli mpaka dumu la lita 20 lijae. Jioni moja nikiwa shimoni nikasikia spika kwa mbali. Ni Katibu anahubiri. Mifupa mikavu. Karatasi zangu! Tena anashusha sauti palepale penye mstari mwekundu.

Bibi akauliza kijana wenu anasema nini. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nikaweka bakuli chini, nikaanza kwa ile sauti niliyoiandaa. Sijafika kwenye mishipa na nyama, bibi akapokea, akaimaliza sura yote kwa kichwa, bila kukosea, huku ananiangalia mikono.

"Haya mjukuu wangu. Dumu la pili liko wapi?"

Jana mwinjilisti kanipigia. Bibi anasema mvua za Desemba zinakaribia, shamba halijasafishwa, na yeye alinunua, hakukodi. Kwa hiyo natafuta tena nauli. Namba ya kuchangia ni ileile, ila Katibu asitume kitu, ya kwake nitaidai ana kwa ana.