Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta udumavu, yaani urefu mdogo kuliko umri, wa karibu asilimia 57 kwa watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5. Njombe na Rukwa zilizungukia 50. Tanzania nzima ni 30. Mikoa hiyo ndiyo inayolisha wengine, kwa hiyo wengi husema tatizo si umaskini bali elimu ya lishe.

Hoja hiyo ina uzito. Mlo mmoja wa mtoto wa miezi 8 haufiki hata robo lita. Akijazwa uji mwepesi wa sembe, kashiba maji. Uji mzuri hung'ang'ania kijiko, kisha huongezwa karanga zilizosagwa au yai lililopondwa. Wapo pia wanaosaga mahindi, soya na karanga pamoja na kuweka ndoo nzima: unga huchacha kwa mafuta ya karanga, na nafaka isiyokauka vizuri huja na sumukuvu.

Lakini nani atakoroga uji huo? Kuanzia miezi 9 mtoto anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku, mbali na maziwa ya mama. Mama anayefanya kibarua kwenye chai au viazi hutoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake mdogo na uji kwenye chupa ya chai. Uji wa chupa sharti uwe mwepesi; mzito haumiminiki. Mama huyo anajua fika faida ya yai, ila yai likiuzwa ndiyo sabuni ya wiki. Na magunia yakiuzwa mjini Makambako, mara nyingi fedha haipiti mkononi mwake. Kuiita kaya hiyo yenye uwezo kwa kuhesabu magunia ni kujidanganya.

Watetezi wa kipato, wanaosema tatizo ni umaskini, nao huteleza. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ilifungwa na sharti la kupeleka watoto kliniki, jambo jema, ila mizani haionyeshi udumavu, na mkanda wa kupima mzunguko wa mkono hugundua ukondefu tu. Mvulana wa miaka 2 asiyefika sentimita 81 akisimama amedumaa, hata mashavu yakiwa yamejaa. Bila ubao wa kupimia urefu, atapita foleni yote na kurudi nyumbani akihesabiwa mzima.