Tusi mlilisikia, kidole hamkukiona

Jumamosi nilikuwa gereji moja pale Majengo, Moshi, nimekalia siti ya Noah iliyong'olewa, nasubiri shokapu zangu zibadilishwe. Mbele yangu kulikuwa na gari la mama mmoja wa makamo, kitenge kimenyooka, pochi mapajani. Nati moja ya tairi lake ilikuwa imeshikana kwa kutu. Fundi, kijana mdogo tu, akaiwekea spana, akachomeka bomba kwa nyuma ili apate nguvu, akalala nayo kwa uzito wake wote. Spana ikateleza. Mkono ukaenda kutua kwenye chuma, ngozi ya vidole vitatu ikachunika hadi nikaona nyama nyeupe kabla damu haijaja.

Likamtoka tusi. La nguoni, zito, lile ambalo hata mimi hapa nalizunguka.

Aliitukana nati. Narudia: nati.

Mama akainuka. "Wewe kijana, umelelewa wapi?" Akaitiwa mwenye gereji, hotuba ikaanza. Malezi. Kipaimara. Bangi. Vijana wa siku hizi. Fundi kasimama, damu inadondokea ndala, anajibu, "Samahani mama, samahani mama." Tulikuwa wateja sita pale. Nchi hii ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua ng'ambo ya pili anakupa pole. Siku hiyo hakuna aliyesema pole. Hata mimi, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira ambayo nusu yake ni aibu.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza hapa. Ukisema "kutukana", sikio linauliza papo hapo: kamtukana nani? Lazima awepo mtukanwa. Neno lililomtoka mtu kwa maumivu hatuna mahali pa kuliweka, kwa hiyo tunalitupia kapu lilelile la matusi, kisha kila aliyekuwa karibu anajiona ndiye aliyetukanwa.

Wenzetu wamelipima hilo. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwaambia wanafunzi wazamishe mkono kwenye maji ya barafu na wavumilie mpaka washindwe. Mara moja wakiwa wanarudia tusi walilolichagua wenyewe, mara nyingine wakiwa wanarudia neno la kawaida la kuelezea meza. Walipokuwa wakitukana walivumilia muda mrefu zaidi, na mapigo ya moyo yakapanda. Mwaka 2020 wakajaribu matusi ya kubuni, maneno yasiyo na historia yoyote. Hayakusaidia kitu. Maana yake, huenda tusi linafanya kazi kwa sababu mama yako alikupiga kibao ulipolisema ukiwa na miaka sita. (Na wale ndugu zangu wa stendi wanaotukana kutwa nzima msishangilie. Imeonekana pia kwamba anayetukana sana kila siku hupata nafuu ndogo. Mmeshalimaliza.)

Lakini mimi sikuhitaji barafu ya Uingereza kuamini. Nilimwona babu yangu, Kibosho. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusema "jamani" akizidiwa kabisa. Kiharusi kikampooza mwili upande wa kulia, maneno yakaondoka yote. Akitaka maji anaonyesha kikombe. Jina la bibi lilimshinda, mke wa miaka hamsini. Siku moja tunamgeuza kitandani, bega likapinda vibaya, na babu akatoa tusi la Kichaga, zima, safi, matamshi yote yapo, mbele ya katekista aliyekuja kumwombea. Chumba kikaganda. Bibi ndiye aliyecheka kwanza, machozi yanamtoka, akasema, "Kumbe bado yumo."

Madaktari wanalijua hili. Maneno tunayoyapanga, kwa watu wengi, yanategemea sana upande wa kushoto wa ubongo, ule ule unaoongoza mwili upande wa kulia. Tusi, sala ya kukariri, kuhesabu moja mpaka kumi, wimbo wa utotoni, hivyo hupita njia nyingine, na mara nyingi hubaki hata upande huo ukiharibika. Sasa nielezeni hiyo ni tabia mbaya ya wapi. Babu alikuwa na Baba Yetu na tusi, basi. Na lilikuwa la Kichaga, si la Kiswahili, kwa sababu lugha uliyonyonyeshwa nayo ndiyo inayouma. Mimi ukinitukana kwa Kiingereza nakuomba urudie, sikusikia vizuri.

Haya, najua mtakachosema. Kuna yule mpiga debe anayemtolea binti maneno machafu kwa sababu kakataa kupanda gari lake. Huyo hana nati wala kidole, ana ubaya tu, na Kanuni ya Adhabu inamtambua vizuri. Mfungeni. Sitamtetea.

Ila nimalizie ya yule mama. Alipochoka kuhutubia akapokea simu, nadhani ni ya dada wa kazi, kuna kitu kiliungua jikoni. Hakupandisha sauti. Kwa Kiswahili kilichonyooka kama kitenge chake akamwambia, "Nimekuokota huna kitu, na utaondoka huna kitu. Hata kwenu wanajua wewe ni mzigo." Akakata simu, akaiweka kwenye pochi, akafunga zipu. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa hapakuwa na neno chafu hata moja.

Fundi alikuwa ameshafunga vidole kwa kitambaa cha kufutia oili. Nikamfuata na pole yangu, imechelewa nusu saa. "Asante dada," akasema, akachungulia kwanza mama yuko wapi, ndipo akaishika tena spana. Nati ilikuwa bado haijafunguka.