Mwanga kwenye ncha ya sindano: je, Mtwara tunauhitaji sasa?

Kinundu cha mapafu, doa lisilozidi sentimita 3 kwenye picha ya CT (eksirei ya kina inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka), kinaweza kuwa saratani. Kinaweza pia kuwa alama ya kifua kikuu, na Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Ili kujua, mara nyingi lazima kinyama, yaani kipande kidogo cha kinundu, kichukuliwe kwa sindano kikapimwe. Tatizo ni kwamba kinundu kidogo huponyoka, sindano ikapita kando na kurudi na damu tupu.

Ndipo zinapoingia mbinu za mwanga. Uzi mwembamba wa kupitisha mwanga huingizwa ndani ya sindano. Teknolojia ya OCT, iliyotangazwa mwaka 1991, huonyesha tabaka za tishu hadi kina cha milimita 2 au 3. Hadubini ya leza huonyesha seli zenyewe, ila kwa kina kisichofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Daktari anajua hapo hapo kama amefika.

Wanaosema tusubiri wana hoja nzito. Vifaa ni ghali, damu huziba picha, na vipimo vya jeni vinavyoongoza tiba ya saratani bado vinahitaji kinyama chenyewe. Kifaa hiki kikifungwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, bila wataalamu wa patholojia (wanaochunguza vinyama kutambua ugonjwa) wa kutosha, nani atathibitisha kinachoonekana? Makohozi yapimwe kwanza, CT ipatikane, maabara iimarishwe. Kwa mpangilio huo nakubaliana nao kabisa.

Lakini wanasahau jambo moja. Katika hospitali kubwa za nje, mtaalamu wa seli huweza kuwapo chumbani akakagua sampuli papo hapo. Hapo mwanga hauongezi mengi. Faida yake ni kubwa zaidi pale mtaalamu huyo asipokuwepo. Mama aliyetoka Liwale kwa nauli ya korosho, akaambiwa baadaye kuwa sampuli haikutosha, anachomwa upya, na kila mchomo wa kifuani una hatari ya hewa kuvuja na pafu kusinyaa.

Kwa hiyo mwanga usifutwe kwenye mipango, uje baada ya patholojia. Na tusikubali ushahidi wa nje peke yake: majaribio mengi yamefanyika katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra. Anayetuletea kifaa aonyeshe, kwa wagonjwa wa kwetu, ni wangapi hawakulazimika kuchomwa mara ya pili.