Kurudiarudia katika Muziki: Lawama Inamwendea Nani?

Wanaoulaumu muziki wa siku hizi hawaachi kusema kwamba unarudia kitu kilekile. Mpenzi wa bendi za dansi kama Msondo Ngoma au Sikinde akisikia singeli inapita mtaani atakwambia hizo ni kelele za kompyuta, kipande cha kinanda kinachozungushwa mpaka mtu achoke. Dansi naipenda kama anavyoipenda yeye, lakini lawama hii naiona imekosea mlango. Muziki anaoutetea nao umesimama juu ya kurudia, na pale anapopasubiri kwa hamu ndipo panaporudiwa kuliko pengine pote.

Ninasema chemko, lile ambalo Wakongo wanaliita sebene. Mashairi yamekwisha, waimbaji wamesogea nyuma, mpiga gitaa la solo anashika kifungu kifupi cha noti na kukaa nacho. Gitaa la ridhim linajibu kwa kifungu chake, besi kwa chake, na bendi nyingine huweka hapo kati gitaa la mi-solo. Kifungu kinarudi mara kumi, mara ishirini, hakibadiliki. Ukikiandika kwenye karatasi utaona hakuna kinachotokea. Ukumbini hakuna aliyebaki kitini.

Mwanzoni sikio linashughulika kulielewa gitaa. Likishalielewa linapata nafasi, linahamia kwenye besi, kwenye tumba, kwenye ile noti ndogo ya ridhim iliyokuwepo tangu mwanzo lakini hukuisikia. Mwili nao umeshajua pigo linalofuata litaanguka wapi, basi mguu unalipokea bila kufikiri. Halafu mpiga solo anabadilisha noti moja tu, na watu wanapiga kelele. Noti hiyo ingepigwa mwanzo wa wimbo isingemshtua mtu. Imepata nguvu kwa zile ishirini zilizotangulia.

Watafiti nao wamekutana na jambo hili. Mwaka 1995 Diana Deutsch, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aligundua kwamba maneno ya kawaida yaliyorekodiwa, yakirudiwa bila kubadilishwa chochote, huanza kusikika kama yanaimbwa. Aliyewahi kukaa karibu na spika ya machinga inayotangaza bei ileile tangu asubuhi hahitaji kuthibitishiwa: kufika mchana tangazo lina mahadhi, na watoto wanalifuatisha. Mtafiti mwingine, Elizabeth Margulis, alichukua vipande vya Luciano Berio na Elliott Carter, watunzi ambao katika vipande hivyo walikwepa kurudia, akavikata na kuvibandika ili baadhi ya vifungu virudi. Waliosikiliza walivifurahia zaidi vile vilivyorudiwa. Tena waliona hivyo ndivyo vinavyoelekea kuwa kazi ya binadamu, si ya kompyuta, ingawa aliyevirudisha hakufuata matakwa ya mtunzi. Hapo anayesema kurudia ni dalili ya mashine ana kazi ya kujibu.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na siipuuzi. Mazoea ya kukisikia kitu hukifanya kipendwe, lakini yakizidi huzaa karaha. Zaidi ya hapo, kurudia kunaweza kuwa silaha. Wahoji wa Marekani kule Guantánamo waliwapigia wafungwa muziki kwa sauti kubwa, saa baada ya saa, ili kuwavunja. Noti inayomfanya mchezaji asahau uchovu inaweza kumtesa asiyeweza kuondoka. Kwa hiyo jirani anayenyimwa usingizi na kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, ana haki yote ya kulalamika, ila analalamikia kukosa hiari, na hata rumba tamu kuliko zote ingemkera saa tisa usiku.

Tukirudi kwenye singeli, ni kweli kinachozunguka hapo hakina mkono wa mtu. Mitaani Dar es Salaam, kama Manzese, Tandale na Mburahati, MC walianza kughani juu ya vipande vya taarab vilivyozungushwa na kuharakishwa, na leo kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Mpiga solo huchoka, huteleza, hukaza kidogo hapa na kulegeza pale, na sikio linaonja tofauti hizo. Kompyuta haitelezi. Lakini msikilize MC mzuri: mistari haisimami, anamtaja aliyeingia sasa hivi, anamjibu mchezaji, anavuta pumzi pasipotarajiwa. Uhai ambao dansi huuweka kwenye vidole, yeye anauweka mdomoni. Muziki unaostahili lawama ni ule ambao biti inazunguka, maneno matatu yanazunguka juu yake, na sauti imenyooshwa kwa programu mpaka haina mkwaruzo. Sikio likishapata nafasi ya kuhama, halina pa kwenda. Nyimbo hizo zipo katika kila aina ya muziki, dansi ikiwemo.

Kinachoniuma mimi ni muda. Zamani wimbo wa dansi mara nyingi uligawanywa pande mbili za santuri, na aliyetaka chemko aliigeuza. Leo wimbo huohuo redioni mara nyingi unazimwa mara tu gitaa linapoanza kukaa, kupisha tangazo. Msikilizaji kijana anapewa noti zinazorudia mara nne, ananyimwa ile ya ishirini na moja, kisha tunamshangaa anaposema dansi inachosha. Watangazaji wauache wimbo ufike mwisho, hata ukichukua dakika kumi.