Safari Rally ni ya nani?

Kwenye buti la Peugeot 404 moja ya kijivu kuna kibati cheupe chenye umbo la yai, kimeandikwa EAT, alama ya magari ya Tanzania Bara. Mwenye gari, kijana wa Arusha, amenyoosha bodi yote, amebadilisha raba za milango na kulipiga rangi yake ya awali. Kibati hakukigusa. Ukingo mmoja umeliwa na kutu, na skrubu moja kati ya mbili ni ile ya bawaba za kabati. Anasema gari lilikuwa la babu yake, na kibati kilifungwa ili lipite Namanga, mpakani na Kenya.

Tuliolizunguka siku hiyo tulianza kwa kulisifu, tukaishia kubishana. Mwenzetu mmoja kutoka Nairobi alisema 404 ni gari la Kenya, kwa kuwa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya masafa marefu, ni ya Kenya. Mzee wa Moshi akamjibu kwa jina moja tu la dereva: Shankland. Ubishi huo huzuka karibu kila wanapokutana wapenzi wa magari ya zamani wa pande hizi mbili, na wengi huuchukulia kama utani wa watani wa jadi. Mimi naona una uzito wake, kwa sababu unaulizia nani amebeba historia ya barabara zetu.

Mkenya ana hoja, na ni nzito. Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mashindano yalipopoteza jina la East African Safari mwaka 1974 na njia yake kubaki ndani ya Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977, ni Kenya iliyoendelea kuyagharamia na kuyapokea. Yalikuwa kwenye ubingwa wa dunia kuanzia 1973 hadi 2002, yakatoka, yakarudi 2021 huko Naivasha. Joginder Singh, aliyeshinda mara 3 (1965, 1974 na 1976), alizaliwa Kericho, na watu walimwita Simba wa Kenya. Ukitaka kuona magari ya zamani yaliyotunzwa yakipangwa na kukaguliwa mbele ya umma, unapanda basi kwenda Nairobi, kwenye Concours d'Elegance ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Sisi huku Tanzania yetu mengi tuliyauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimeona kwa macho yangu mlango wa Volkswagen ya kobe ukiwa mlango wa banda la kuku, na kitasa bado kinafanya kazi. Hilo liliniuma.

Lakini kulea si kuzaa. Mashindano yalianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyetajwa na yule mzee, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na pamoja na Chris Rothwell alishinda 1966 na 1967 mfululizo. Gari lake lilikuwa 404. Kwa hiyo anayesimama mbele ya 404 yenye kibati cha EAT na kuiita gari la Kenya, amekosea hata kwa kipimo chake mwenyewe.

Halafu kuna Shekhar Mehta, ambaye ndiye anayenifanya nishindwe kabisa kugawa mali hii kwa mipaka. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z, akiwa amelingana pointi na Harry Källström wa Sweden hadi ikabidi watenganishwe kwa kanuni. Baadaye akashinda tena mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Mganda atasema ni wake, Mkenya atasema ni wake, na wote wawili watakuwa wakweli. Ila Mganda ana deni la kueleza kwa nini mtu huyo aliondoka.

Fahari iliyotuunganisha kweli ilikuwa nyingine. Kwa karibu miaka 20 timu za Ulaya zilikuja na pesa zao na mafundi wao, zikashindwa na watu waishio hapa. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Wenyeji walijua tope la masika linavyoshika gurudumu, walijua wakati wa kulivaa korongo na wakati wa kusubiri maji yapungue. Ujuzi huo haukuishia mpakani, Namanga wala Busia.

Hata hivyo neno "wenyeji" lisitupumbaze. Katika miaka yote ya nchi tatu hakuna Mwafrika mweusi aliyeshinda. Bibi na babu zetu wengi walikuwa kando ya barabara, wakisukuma magari yaliyonasa, au chini yake, wakibadilisha springi na shokapu usiku kucha. Majina ya madereva tunayakariri. Ya mafundi hao nani anayajua? Hapa fahari ya Mkenya na ya Mtanzania zina upungufu mmoja, na hakuna upande unaoweza kumnyooshea mwenzake kidole.

Na tunapogombana, chuma chenyewe kiko wapi? Ile Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann iko Zama, Japani, kwenye hazina ya magari ya Nissan. Wao wameitunza, na siwalaumu.

Mimi nampa Mkenya heshima ya mlezi, tena kwa moyo mweupe, ila hati ya umiliki simpi. Ningependa anayeonyesha gari la zamani aandike kando yake mambo matatu: lilipita barabara gani, nani alilitengeneza, na lilivuka mpaka upi. Hilo litamlazimu kwenda kuwauliza wazee wangali hai.

Tena kile kibati kinasema jambo hilo kwa herufi tatu. Kenya ni EAK, Uganda EAU, Tanzania Bara EAT, Zanzibar EAZ. Afrika Mashariki inatangulia, herufi ya nchi inakuja mwisho, na utaratibu huo haujafutwa hadi leo. Kijana wa Arusha anatafuta skrubu ya pili iliyo sahihi. Yule wa Nairobi, baada ya kelele zote, alisema anazo kadhaa nyumbani, atamletea.