Kilifi inastahili zaidi ya maabara

Nimefurahi kusoma kwamba kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, Pwani ya Kenya, kinazidi kukua. Tangu 1989 kimekuwa kando ya hospitali yetu, na watoto wa Pwani walishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria: RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021, na R21 mwaka 2023. Lakini R21 inatengenezwa India! Wazazi wa Kilifi ndio walioweka sahihi fomu za idhini, watoto wao ndio waliochomwa sindano. Serikali iweke fedha zake kwenye utengenezaji wa chanjo hapa nyumbani, na watafiti wetu vijana wapewe ajira ya kudumu, si mikataba inayokufa mfadhili akiondoka.